Nani Mwenye Wimbo? Mashabiki wa Ngoma za Usukumani na Suala la Kazi Bora ya Mwimbaji

1.0 Utangulizi

Katika utafiti wa fasihi simulizi umekuwapo mwelekeo wa kuichukulia ngoma kuwa mali ya jamii nzima, isiyo na mtunzi mahsusi. Mwelekeo huo haulingani na mazungumzo ya mashabiki wenyewe. Huko Shinyanga, Kahama na Geita, wapenzi wa ngoma za Kisukuma humjadili mwimbaji kwa jina lake: ni utungo wake upi uliozipita tungo nyingine, na je, angeyaweza hayo bila ya kundi lake? Makala haya yanachunguza ubishi huo. Hoja yetu ni kwamba ndani yake mna vigezo viwili vya uhakiki vinavyovutana, na kwamba mtafiti anayeurekodi wimbo na kuuacha ubishi unaouzunguka hupoteza ushahidi wa nani aliyeutunga.

2.0 Kigezo cha Umati

Wasukuma wana makundi mawili makuu ya ngoma, Bagika na Bagalu. Masimulizi huyahusisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kupima nguvu ya dawa zao. Baada ya mavuno, pande hizo mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na upande unaovuta watu wengi zaidi ndio mshindi. Mulokozi (1989) ameisisitiza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalowakutanisha fanani na hadhira. Usukumani hadhira hiyo ndiyo mwamuzi, na hukumu yake huitoa kwa miguu.

Kwa kigezo hiki ni vigumu kumtenga mwimbaji na kundi lake. Umati uliohamia upande wa pili huenda ulivutwa na sauti yake, na ngoma kubwa za bugobogobo, na majembe yanayorushwa juu na kudakwa, au na sifa ya dawa. Ng'wanamalundi wa Seke, Shinyanga, aliyefariki mwaka 1936, hutajwa hadi leo kwa uchezaji na uganga wake kwa pamoja. Tamthilia ya Emmanuel Mbogo, Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988), inaambatanisha mtu na ngoma tangu katika jina lake.

3.0 Kigezo cha Utungo

Kigezo cha pili hudhihirika zaidi katika wigashe, ngoma inayochezwa watu wakiwa wamekaa. Hapa mwili umetulia na maneno huchukua nafasi ya mbele. Mwimbaji mtunzi, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hutanguliza maneno na kundi huitikia. Aghalabu hujitaja kwa jina ndani ya wimbo, kama afanyavyo mtunzi wa utenzi wa Kiswahili katika beti za mwisho. Kujitaja huko ni sahihi ya mtunzi, nayo hubaki hata wimbo unapoimbwa na kinywa kingine.

Shabiki anayefuata kigezo hiki huuliza swali tofauti: utungo huu ukiondolewa uwanjani, ukakosa ngoma, dawa na waitikiaji, je, utaendelea kujulikana kuwa ni wa fulani? Ukanda wa dhahabu unafaa sana kwa jaribio hilo. Mgodi wa Geita wa wakati wa ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Wachimbaji wadogo nao wamekusanyika katika maeneo kama Nyarugusu na Lwamgasa. Kijana aendaye machimboni aweza kuuchukua wimbo kichwani, lakini hawezi kulichukua kundi zima la ngoma. Utungo unaodumu katika hali hiyo pamoja na jina la mtunzi wake una dai zito la kuitwa kazi yake mwenyewe.

4.0 Fanani Aliyetoka Kundini

Ubishi wa namna hii umo pia katika muziki wa dansi. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano, na akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Anayeupa wimbo wake "Shida" nafasi ya kwanza anachagua kazi ya kipindi cha pili. Anayeshikilia nyimbo za Morogoro Jazz hudai kwamba kundi la kwanza ndilo lililomlea. Hata hivyo, katika vipindi vyote viwili Mbaraka alizungukwa na wapigaji. Kwa hiyo "kazi ya peke yake" haimaanishi kazi isiyo na wenzake. Maana yake ni kazi ambayo hadhira imekubali kuihesabu kwake.

5.0 Hitimisho

Suala hili lina matokeo yanayovuka mipaka ya nadharia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 hutofautisha kazi ya mtunzi na sanaa ya jadi iliyoendelezwa na jamii kwa vizazi. Utungo ulioandikwa katika kumbukumbu za mtafiti kuwa ni "wimbo wa Kisukuma" tu waweza kuangukia upande wa pili, ilhali mashabiki wake wanamjua aliyeutunga na hata mpinzani aliyelengwa. Inapendekezwa, basi, kwamba kila wimbo unaokusanywa uandamane na jina la ningi, kundi lake, aina ya ngoma, na hoja za wanaoupenda na wanaoupinga. Hoja hizo za wapinzani zisiachwe kwa kudhaniwa kuwa ni kelele za uwanjani: anayebisha kwamba utungo fulani si bora amekwisha kukiri kwamba una mwenyewe.