Punguza Mwili, Usiuage Uhondo

Ukipita jioni katika mitaa ya Mwananyamala, Tandale, Tandika au Mbagala, saa ambayo daladala zinashusha watu waliochoka na kazi, utasikia harufu ya uhondo kabla hujamwona anayeupika. Hapa mihogo inatumbukizwa katika karai la mafuta. Pale mayai yanamwagwa juu ya chipsi, nazo zinagandamana hadi kustahili lile jina la zege walilozipa vijana. Mbele kidogo mahindi yanageuzwa juu ya makaa, na kando yake sufuria ya supu ya pweza inatokota. Vyote ni vitamu, na vyote ni vya bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Mwandishi wa makala haya hana nia ya kukuambia upite hapo umeziba pua.

Ninalotaka tulizungumze ni maneno mawili ambayo akina mama wengi wa mitaa hiyo hurudi nayo kutoka kliniki: punguza mwili. Aliyeambiwa hivyo hudhani amehukumiwa kula chakula cha wenye nafasi, yaani tufaha za kutoka ng'ambo, maziwa yaliyoondolewa mafuta na mikate ya bei ya kutisha katika maduka ya Masaki. Akiitazama fedha iliyofungwa katika pindo la kanga, anaona jambo hilo haliwezekani. Basi hurudi kwenye chapati zake na shinikizo lake la damu. Hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo. Chakula cha kupunguza mwili kimo sokoni Tandika na Tandale, na aghalabu ni rahisi kuliko kile kinachounenepesha.

Jambo lenyewe si la mzaha. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 22 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuta wamefika 28, na wa mijini wakiwazidi sana wenzao wa vijijini. Wazee wetu walioshiriki kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, walifundishwa namna ya kupambana na maradhi na upungufu wa chakula. Leo unaweza kukuta nyumba moja ya vyumba viwili ambamo mtoto amedumaa na mama yake ana kisukari cha unene. Wanakula katika sinia moja.

Imekuwaje? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mafuta. Wanaoikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 watakueleza jinsi walivyopanga foleni kwa ajili ya chupa moja ya mafuta ya kupikia. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984 bidhaa zilirudi madukani, na baadaye mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yakaenea hata yakawa yanauzwa kwa kipimo kidogo katika kila genge. Kilichokuwa adimu kimekuwa cha kila siku, lakini mkono wetu bado unamimina kama mkono wa mtu aliyekikosa kwa muda mrefu.

Tufanye hesabu kidogo. Nguvu inayotoka katika chakula hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga mtupu au sukari hutoa kalori 4. Gramu moja ya mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au samli, hutoa 9. Mama anayemimina robo lita ya mafuta katika sufuria ya mchicha na dagaa ameongeza zaidi ya kalori 2,000, ambazo ni karibu chakula cha mwanamke mzima kwa siku nzima. Wakila watu watano, kila mmoja amepata kama kalori 400 ambazo hakuziona wala hazikumshibisha. Sasa apike mchicha ule ule kwa vijiko vikubwa vitatu. Kila mtu atapata kalori 70 hivi, na kitunguu, nyanya, ndimu na pilipili vitafanya kazi ya kuleta ladha kama kawaida. Fedha iliyobaki itanunua fungu la pili la mchicha.

Viazi navyo vinafundisha. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa hazifikishi kalori 90. Gramu 100 za chipsi zinakaribia 300. Kwa hiyo usiulaumu muhogo wala kiazi, lilaumu karai. Muhogo wa kuchoma kwa chumvi na pilipili, ndizi ya kuchoma, muhindi uliopakwa ndimu, kikombe cha supu ya pweza, embe bichi lenye pilipili na chumvi, dafu: huo wote ni uhondo wa barabarani, na hauhitaji uagane nao.

Upande wa sukari, chupa ya soda ya mililita 350 ina vijiko vidogo 9 hivi. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa vijiko vitatu kila kimoja amefika huko huko bila soda. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama vijiko 12 kwa siku, na ikipungua nusu ya hapo ni bora zaidi. Mimi mwenyewe nilishuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja kwa muda wa miezi miwili, na sasa chai ya arusini hunishinda.

Lakini kuna mambo ambayo hesabu haiyagusi. Mama wa nyumbani hula na watoto saa moja jioni, akamaliza na ukoko waliouacha. Kisha mume anarudi saa nne, naye kwa heshima huketi na kula tena. Huu si ulafi. Ni desturi njema, ila yafaa amkaribishe mumewe kwa kikombe cha chai kavu mkononi badala ya sahani ya pili.

La pili ni ulimi wa majirani. Mke akinenepa husemwa amenawiri, mumewe anamtunza. Akipungua, minong'ono huanza mtaani. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kukonda kumebeba shaka ambayo dawa za leo hazijaifuta kabisa. Najua mwanamke aliyeacha kutembea asubuhi kwa sababu alichoka kuulizwa anaumwa nini. Namwelewa. Hata hivyo, magoti ni yake, na moyo ni wake. Kwa wanaume hali ni nafuu zaidi: kitambi, ambacho zamani wachora vibonzo walimpachika mnyonyaji, sasa hupongezwa kama cheo.

Na la tatu ni mkaa. Wako watakaosema kwamba maharage ni rahisi sokoni lakini ni ghali jikoni, na kwamba chapati mbili za jirani ni nafuu kuliko kuwasha jiko alfajiri. Ni kweli. Basi loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale, uyachemshe mengi mara moja kwa siku mbili. Yataiva upesi na mkaa utapungua. Dona nalo lisidharauliwe, maana hushibisha mapema kuliko sembe.

Chapati na maandazi usiyafukuze nyumbani. Yape siku. Nyumbani kwetu siku hiyo ni Jumapili, na watoto huingojea tangu Alhamisi.

Ukitaka kujua unakoelekea, azima utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno asubuhi kabla ya kula, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi. Mwanamke akivuka sentimita 88, au mwanamume 102, hatari ya maradhi imekuwa kubwa. Andika tarehe pembeni mwa kalenda, upime tena baada ya mwezi. Mwenye mimba, anayenyonyesha, au anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, amwone kwanza mganga wa kliniki yake kabla ya kubadili mlo.