Shangazi Anatafuta Chumba Gerezani

Shangazi yangu anatafuta chumba cha kupanga Gerezani. Ana miaka 71, alistaafu ualimu mwaka 2014, na ana nyumba yake Chanika: vyumba vitatu, ua mpana, minazi miwili iliyoanza kuzaa. Ukoo mzima unamshangaa. Baba yangu mdogo alimuuliza mbele ya watu, siku ya harusi: "Dada, mtu anaacha kwake anakwenda kupanga? Tena Kariakoo?" Shangazi akamjibu kwamba kwake anapo, ila akitoka nje ya geti hana pa kwenda.

Jibu hilo sijalisahau. Kazi yangu ni mipango miji, na watu wanaokaribia miaka 60 huniuliza maswali yanayofanana. Kiwanja kina mita ngapi? Kimepimwa? Hati ipo? Maji ya DAWASA yamefika? Ni maswali ya maana, lakini yote ni ya mtu ambaye miguu yake bado inamtii. Hakuna aliyewahi kuniuliza kutoka mlangoni hadi kwa muuza mboga ni hatua ngapi, na kama katikati kuna pa kukaa kupumua.

Mazoea yetu Dar es Salaam yanajulikana. Mtumishi hununua kiwanja pembezoni akiwa na miaka arobaini na kitu, hujenga kidogo kidogo, na mafao yakitoka humalizia paa na madirisha. Shangazi alistaafu wakati watumishi wa kundi lake walikuwa wakipewa nusu ya mafao kwa mkupuo, na mkupuo ndio ulioezeka nyumba ya Chanika. Kuanzia Julai 2022 kikokotoo kilibadilika, mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 serikali iliupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa awali wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa awali wakipata 25. Sehemu inayobaki hulipwa mwezi hadi mwezi. Watu wamekizungumzia kikokotoo kwa uchungu, na uchungu huo nauelewa. Ila kuna jambo moja ndani yake ambalo halijazungumzwa vya kutosha: mstaafu wa sasa wa kundi la shangazi anapata fungu dogo zaidi la kujengea, na fungu kubwa zaidi la kuishi nalo kila mwezi. Fedha ya kila mwezi inalipa kodi, nauli, dawa na mboga. Kwa mtu huyo unafuu wa mahali hauonekani kwenye bei ya kiwanja. Unaonekana pale unapojumlisha kodi na kila shilingi inayomtoka akishavuka kizingiti.

Fanya jumla hiyo kwa Chanika. Ni zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Shangazi ana shinikizo la damu na goti la kushoto limeanza kumsumbua. Siku ya kliniki huamka saa kumi alfajiri, huchukua bodaboda hadi lami, kisha daladala kupitia Pugu na Gongo la Mboto, na kurudi ni jioni. Ana kadi ya bima ya afya, lakini kadi hailipi nauli wala haimshiki mkono akiteremka kwenye daladala. Wanawe wamehama. Jirani wa karibu ana ukuta wa futi nane. Juzi aliniambia kwamba zilipita siku nne hajaongea na mtu uso kwa uso isipokuwa muuza maziwa.

Gerezani ni kitu kingine kabisa. Ni kata iliyogusana na Kariakoo, na wengi wanaijua kwa vyuma: mafundi wa kuchomelea, vipuri vya magari, ushirika wa DASICO, nyundo kuanzia asubuhi. Kwa mtu anayetembea polepole ina utajiri wa aina yake. Kituo kikuu cha mwendokasi kipo hapo hapo, tangu huduma ilipoanza Mei 2016, na majukwaa yake yako usawa mmoja na sakafu ya basi, hivyo mzee haparamii ngazi kama kwenye daladala. Saa za asubuhi na jioni watu hubanana mno, kwa hiyo mstaafu apange safari zake kati ya saa nne na saa nane. Soko la Kariakoo liko pungufu ya kilomita moja. Hospitali ya Mnazi Mmoja si mbali, na Muhimbili ni safari fupi ya bajaji. Stesheni ya treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, nayo iko jirani; shangazi ana mjukuu Dodoma na tayari ameshapiga hesabu hiyo kabla yangu.

Kodi ya Gerezani ni kubwa, hilo halina ubishi. Kila mita ya mraba ya huko inagombewa na duka au stoo. Lakini yeye hahitaji vyumba vitatu. Anahitaji kimoja kikubwa chenye choo cha karibu, na nyumba ya Chanika ataipangisha kwa familia yenye watoto, watakaoufurahia ua ule. Tulipoweka kodi moja dhidi ya nyingine, kisha tukatoa nauli, pengo lilikuwa dogo kuliko tulivyodhani.

Basi tukaanza kutembea. Wanaobuni vivuko vya barabara katika nchi nyingi huchukulia kwamba mtu huenda kama mita 1.2 kwa sekunde. Mwenye goti bovu huweza kushuka hadi mita 0.8 au chini ya hapo. Barabara ya mita 20, wa kwanza huivuka kwa sekunde 17, wa pili kwa 25, na katika sekunde hizo nane za tofauti bodaboda huwa imeshafika. Barabara ya Msimbazi ina njia za mwendokasi katikati na za magari pembeni, kwa hiyo mzee huivuka kwa vipande, akisimama kila kipande. Nilimpima shangazi kwa saa ya mkononi kwenye zebra yenye upana wa mita 15: sekunde 21, na mwisho alikuwa akihema. Tulikubaliana papo hapo kwamba chumba lazima kiwe upande ule ule wenye kituo, duka la dawa na mahali anaponunua mboga. Msimbazi ataivuka kwa hiari yake, asilazimike kuivuka kila siku.

Mtaa mmoja wa Gerezani una sura tatu kwa siku, na anayekwenda kutazama nyumba mara moja hudanganyika. Saa kumi na mbili asubuhi unapitika vizuri, wafagiaji wamemaliza kazi, muuza kahawa anapuliza jiko. Ikifika saa nne mikokoteni na maguta yamejaa, Kirikuu inashusha mabelo, na wabeba mizigo wanapita wakipaza sauti watu wapishe, hawana uwezo wa kusimama ghafla na gunia kichwani. Njia ya miguu imepangwa bidhaa. Mwishoni mwa mwaka 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara na njia zikaonekana, kisha wakarudi taratibu. Siwalaumu, nao wanatafuta riziki pale penye watu. Lakini mzee anayesukumwa kutoka kwenye njia ya miguu huingia barabarani au kwenye ukingo wa mtaro, na mifuniko mingi ya mitaro haipo. Kuvunjika nyonga katika umri huo kunaweza kuwa mwisho wa kutembea kabisa. Hilo ndilo ninalolihofia Gerezani kuliko vibaka.

Usiku nao una sura yake. Februari 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo. Kwa mstaafu hili lina pande mbili: taa na macho ya watu usiku kucha ni ulinzi, na kelele usiku kucha ni kukosa usingizi. Kinachoamua ni kama uko mtaa wa duka au mtaa wa nyuma yake.

Chumba cha kwanza tulichoonyeshwa na dalali kilikuwa ghorofa ya nne, jengo jipya, vigae vinang'aa. Lifti ilikuwa imefungwa kwa kamba. Mlinzi alisema inasubiri fundi. Shangazi alipanda mara moja, akapumzika mara tatu, akatazama mandhari ya jiji kwa dakika moja, akasema, "Mwanangu, hapa nitapanda mara moja na nitashushwa mara moja." Lifti inahitaji umeme, umeme unahitaji LUKU, na LUKU ya maeneo ya pamoja lazima kuwe na anayeinunua. Muulize mwenye jengo ni nani. Akibabaika, chumba kihesabu kuwa hakina lifti.

Majengo haya yanahitaji jicho la pili. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Mpangaji wa kawaida hawezi kupima zege, lakini anaweza kuingia kwenye maduka ya chini na kutazama: kuna nguzo iliyochongwa ili duka lipanuke? Kuna ukuta uliobomolewa, au uchimbaji unaoendelea chini? Kuna ufa mpya unaopita kwenye boriti? Ukiona hayo ondoka, hata kama umeshamlipa dalali. Kisha tazama moto. Soko kuu lenyewe liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Chumba chenye stoo ya vitambaa chini yake, nondo kwenye kila dirisha na ngazi moja tu ya kutokea hakimfai mtu anayeshuka ngazi polepole.

Chumba cha pili kilitugusa moyo. Kilikuwa katika nyumba ya Kiswahili, ya zile chache zilizobaki: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, ua nyuma wenye choo na jiko, baraza mbele. Uswahilini ya Dar es Salaam ilijengwa hivyo tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, walipoligawa jiji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ubaguzi ule ulikuwa dhuluma, na nyumba zenyewe walizijenga wananchi kwa udongo na akili yao. Nimesoma mwongozo wa miji rafiki kwa wazee uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007, wenye orodha ndefu ya viti vya kupumzikia, vyoo vya karibu, makazi yasiyomtenga mzee na watu. Nyumba ile ilikuwa nayo karibu yote. Hakuna ngazi. Baraza ni kiti na dirisha la kuonea mtaa kwa pamoja. Asiyeonekana ukumbini hadi saa mbili asubuhi hugongewa mlango. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, jambo ambalo goti lile lisingeweza, lakini fundi angeweka cha kukaa na bomba la kushikia kwa siku mbili.

Mwenye nyumba, mama wa miaka zaidi ya 80, alitueleza ukweli bila kuzunguka. Wanawe wanazungumza na mwekezaji. Ni ubia, kama ulivyo mtindo Kariakoo nzima: familia inatoa kiwanja, mwenye fedha anajenga ghorofa, wanagawana sakafu. Huenda kazi ikaanza mwakani. Yeye mwenyewe, nilipomuuliza, ataishi ghorofa ya tano, kwa sababu sakafu ya chini ni maduka na maduka ndiyo yenye fedha. Alilisema hilo huku ameketi barazani kwake, miguu ameinyoosha, akirudishia shikamoo za wapita njia wawili watatu kila dakika.

Kwa familia zilizo mbele ya meza kama hiyo naomba jambo moja, na naliomba kwa dhati. Kabla ya kusaini, andikeni kwenye mkataba kwamba mzee wenu atapata chumba cha chini, hata kama ni kidogo, hata kama mnapoteza duka moja. Na sakafu mtakazopewa zidaieni hati ya sehemu ya jengo chini ya sheria ya mwaka 2008, kwa majina, si kwa ahadi. Sheria hiyo humlinda pia mstaafu anayetaka kununua chumba kwa mkupuo wake. Anayepanga naye asikubali maneno matupu: kodi ya miezi sita au mwaka inalipwa kwa mkataba wa maandishi, nakala kwake, na serikali ya mtaa ikiujua uwepo wake. Nenda kwa mjumbe siku ile ile unayohamia, mpe namba ya simu ya mtoto au mpwa wako.

Wako watakaoniambia Magomeni Kota ni bora, na walioyapata makazi yale mwaka 2022, familia 644, kweli wana njia pana na hewa. Ilala nako kuna mitaa tulivu, na ukitoka Upanga Muhimbili iko mlangoni. Tutayatazama yote. Shangazi lakini anarudi pale pale, kwa kuwa Gerezani ndiko alikoanzia kazi, na wanafunzi wake wa zamani, wengine wana mvi sasa, bado wanamwita Mwalimu akipita.

Chumba cha tatu kiko mtaa wa nyuma, chini, upande wetu wa barabara. Jumamosi tunakwenda kukiona. Nimemwomba avae viatu vile vile anavyokwenda navyo kliniki, na tufike saa nne, mikokoteni ikiwa imechanganya. Yeye ameniomba nibebe tochi, maana anataka turudi tena saa mbili usiku, atembee kutoka kituoni hadi mlangoni gizani, mimi nikiwa nyuma yake bila kumshika mkono.