Maji Yetu Huanzia Kwenye Vichaka vya Mlimani

Mama wa Marangu anapojaza ndoo yake, huwaza bomba au mfereji. Ni mara chache huwaza vichaka vilivyo juu kabisa ya msitu, ingawa navyo vinachangia maji hayo.

Ukipita kituo cha Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, miti mirefu huanza kupungua. Hapo hutawala mimea iitwayo erika, yenye majani membamba kama sindano na maua madogo. Isipoguswa na moto kwa miaka mingi, erika hukua kuwa mti, na matawi yake huota nyuzi kama ndevu. Ukungu unapopita, matone hunaswa humo na kudondoka ardhini.

Mtafiti Andreas Hemp, aliyechunguza mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa moto umeteketeza sehemu kubwa ya misitu ya erika tangu mwaka 1976. Kwa maelezo yake, maji tunayopoteza kwa kukosa miti ya kunasa ukungu ni mengi kuliko yale yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu.

Moto wa Whona

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, kati ya Mandara na Horombo, katika njia ya Marangu. Mamia ya watu walipanda kuuzima, lakini ziliungua zaidi ya kilomita za mraba 95. Taarifa za kwanza za TANAPA zilisema huenda ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Oktoba 2022 moto ulizuka tena, karibu na kambi ya Karanga.

Wapagazi ni waume zetu na wana wetu. Mama anayemfundisha mtoto kuzima jiko mpaka majivu yapoe, anaulinda mlima pia.

Ardhi ipewe nafasi

Vichaka vilivyoungua hurudi vikiachwa vipumzike. Lakini moto ukirudi kabla miti haijakomaa, msitu hugeuka kichaka, na kichaka hugeuka majani. Ndiyo maana kazi kubwa huko juu ni kuzuia moto.

Huku chini, karibu na vihamba, kazi ni nyingine. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa Nusu Maili ili wananchi wapate kuni, mbao na malisho bila kuingia msitu wa ndani. Baadaye sehemu zake zililimwa, nyingine zikapandwa miti ya kigeni. Msitu uliobaki ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ardhi iliyolimwa hivyo huhitaji miti ya asili, na huhitaji kupaliliwa.

Makanisa nayo yameshiriki. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, alijulikana kwa kuhimiza vijana wa kipaimara kupanda miti.

Mama afanye nini?

1. Panda mringaringa, mfuruanje au msesewe pembeni mwa kihamba. Kuni zikipatikana nyumbani, safari za msituni hupungua.

2. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwani hunywa maji mengi.

3. Panda masika yanapoanza, mwezi Machi. Mbuzi wasifikie miche, na kiangazi imwagilie maji uliyooshea mboga.

4. Kila mtoto apewe mche wake autunze. Usimhesabie siku ya kuupanda; mhesabie mwaka wa tatu, ukiwa bado hai.

5. Usichome takataka za shamba wakati wa kiangazi. Zifukie zioze ziwe mbolea ya migomba.

Erika haichukui siku moja kukua. Msichana anayechota maji leo huenda akawa bibi kabla vichaka vya Whona havijawa msitu tena. Tukiuzuia moto, wajukuu wake watayakuta maji.