Tairi la Vani ya Kulala: Anza na Uzito, Matope Baadaye

Anayekwenda Bugoye kutoka mjini Kasese hushika lami ya Fort Portal, na akifika Mubuku anakata kushoto kuelekea milimani. Kutoka hapo njia inapanda kati ya kahawa na migomba mpaka Ibanda na Nyakalengija, ambako wapandaji wa Rwenzori huanzia safari ya siku kadhaa kwenda kilele cha Margherita, mita 5,109. Huko ndiko wageni huacha magari yao: Land Cruiser zenye hema juu ya paa, na Toyota Hiace zilizong'olewa viti zikatiwa kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na betri ya pili. Mvua za Machi hadi Mei zikikaribia, wenye vani hizo huuliza swali lilelile: tairi gani lina meno makubwa ya kutosha kwa matope ya huku?

Meno yana zamu yake, na zamu hiyo ni ya pili. Kwanza ujue gari lako lina uzito gani.

Chukua Hiace ya teksi inayobeba abiria 14 kati ya Kasese na Bwera. Ikijaa, imebeba karibu tani moja ya watu. Lakini watu hao hushuka. Teksi hushusha Kikorongo, hupakia tena, husubiri stendi ikiwa tupu, na jioni hulala bila mzigo. Vani ya kulala haishushi kitu. Makabati na kitanda cha mbao vinaweza kufika kilo 150, maji lita 80 ni kilo 80, betri ya asidi ya kuendeshea taa na friji ni kama kilo 30, hema la juu ni kilo 60. Ongeza mtungi wa gesi, majerikeni ya mafuta, watu wawili na mabegi yao: nusu tani imepita kabla hujanunua chakula. Na mzigo huo unakaa juu ya matairi usiku na mchana, gari likitembea au likiwa limesimama Nyakalengija wiki nzima wenyewe wakiwa mlimani.

Hali hiyo ndiyo iliyowafanya watengenezaji wa Ulaya waunde tairi la pekee kwa magari ya kulala, lenye herufi CP ubavuni. Umbo lake halitofautiani sana na tairi la vani ya kawaida lenye herufi C, ila limeimarishwa ili livumilie kubeba mzigo mzito muda wote na kujazwa upepo mwingi zaidi, hasa nyuma. Ukiona vani ya Kijerumani iliyoshushwa Mombasa ikapita Kampala mpaka huku, inamisha kichwa usome: huenda imevaa 225/75R16CP. Tairi zuri kabisa. Shida yake nitaieleza baadaye.

Sasa tusome ubavu wa tairi lenyewe. Futa tope kwa kidole utafute maandishi kama 195R15C 106/104. Hiyo ni saizi ya Hiace nyingi zinazofanya kazi ya teksi. 195 ni upana kwa milimita, R ni mpangilio wa nyuzi za ndani, 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na C inaonyesha kwamba ni tairi la gari la kazi. Namba zinazofuata ndizo watu wanaziruka, nazo ndizo zenye maana kuliko zote. 106 ni alama ya uzito, na kwenye jedwali la kimataifa maana yake ni kilo 950 kwa kila tairi. 104 ni kilo 900, pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja. Linganisha na tairi la gari dogo la saluni, 195/65R15 91. Upana uleule, ringi ileile ya inchi 15, bei nafuu, na linaingia kwenye Hiace bila kulazimishwa. Lakini 91 ni kilo 615 tu.

Tuseme ekseli ya nyuma ya vani yako ina kilo 1,700. Kila tairi la nyuma linabeba 850. Tairi la 106 linamudu na kubakiza kilo 100. La 91 limezidiwa kwa kilo 235 tangu gari likiwa limesimama, kabla ya kuingia shimo la kwanza. Halitapasuka siku hiyo. Litajikunja ubavu kila mzunguko, litachemka ndani, nyuzi zitaanza kuachana na mpira, na litakuja kupasuka kwenye lami tambarare karibu na Katunguru, gari likiwa kwenye mwendo na watoto wako nyuma. Nawasihi wenye vani wasome namba hii kabla ya kuuliza bei.

Uzito usikisiwe. Gari lipimwe likiwa limejaa kama linavyosafiri, maji ndani, watu ndani, kwenye mizani ya malori, tena kila ekseli peke yake. Jumla pekee inadanganya, kwa sababu mzigo wa vani hizi huegemea nyuma. Kitu kilichofungwa nyuma ya ekseli ya nyuma, kama tairi la akiba mlangoni au rafu ya majerikeni, huiongezea ekseli hiyo uzito unaozidi uzito wa kitu chenyewe, kwa sababu kinanyanyua mbele ya gari kidogo. Ukishajua uzito wa ekseli, gawa kwa mbili, kisha chagua tairi linalobakiza angalau sehemu moja ya kumi. Kwa barabara zetu mimi hupenda ibaki zaidi ya hapo.

Upepo ndio unaobeba. Mpira na nyuzi ni mfuko wa kuushika tu. Zile kilo 950 zinapatikana tairi likiwa na psi 65. Ukilijaza 40, uwezo wake unashuka sana hata kama ubavuni bado pameandikwa 106. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, uangalie kiasi cha gari lenye mzigo, na upime asubuhi matairi yakiwa baridi. Bondeni Kasese mchana joto hukaribia nyuzi 30, na tairi lililotembea huwa na upepo mwingi kuliko ulioacha asubuhi. Hapo ndipo fundi wa pancha, kwa nia njema, husema, "Bosi, jua ni kali, nipunguze kidogo?" Mjibu, "Hapana fundi, tuache, tutapima asubuhi." Ongezeko la sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo ni la kawaida, na waliolitengeneza walilihesabia. Ukipunguza likiwa moto, kesho yake litakuwa pungufu, litajikunja zaidi na kuchemka zaidi: umeleta kile ulichokuwa unakikimbia.

Usisahau valvu. Zile fupi za mpira tunazoziona kwenye magari madogo zimewekewa mwisho wa psi 65. Vani nzito inayohitaji zaidi ya hapo nyuma ifungwe valvu ya chuma au ile iliyotengenezwa kwa upepo mwingi.

Baada ya hayo ndiyo tuzungumze meno. Mwendo wa vani inayokuja Bugoye kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 350 za lami, na za udongo ni chache. Tairi la matope, lenye meno makubwa yaliyoachana, linavutia macho, lakini kwenye lami iliyolowa mguso wake na barabara ni mdogo, breki zake zinavuta mbali, na kelele yake ndani ya vani ni ya kuchosha. Kwenye barabara ya Fort Portal, penye bodaboda, mbuzi na watoto wa shule, breki ya lami ya mvua ina thamani kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo kwa watu wengi jibu ni tairi la njia zote, lenye herufi A/T, ambalo meno yake yana kina cha kutosha kujisafisha udongo wa kilima cha Ibanda na bado linashika lami.

Kuna mahali ambapo hata A/T halitoshi. Barabara ya kutoka Katunguru kwenda Ishasha na njia za ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth upande ule zina udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hujaza meno yote, tairi likawa laini kama chungu. Vani inayosukumwa na magurudumu mawili tu isiende huko siku za mvua, hata ikivaa nini. Subiri pakauke.

Hatari nyingine ipo hata pakiwa pakavu. Njia ya makreta ndani ya hifadhi hiyo, kama kilomita 27, ina mawe makali, na njia za Bugoye zina mawe ya mtoni ambayo mafuriko huyatapakaza. Ya Mei 2020 yalipotoka kwenye mito ya Mubuku na Nyamwamba hayakuacha barabara kama ilivyokuwa. Chini ya meno ya tairi kuna mikanda ya chuma, lakini ubavuni hamna: ni tabaka moja au mawili ya nyuzi na mpira. Jiwe likichana ubavu, fundi hawezi kuliziba kwa usalama. Ukiwa unalinganisha matairi mawili ya A/T, chagua lenye ubavu mnene, na uendeshe ukijua ubavu wako uko wapi. Wengi huchanika wakipishana na lori, wanapopanda ukingo wa barabara bila kuangalia.

Sasa matairi ya mitumba. Sipingani na mtu anayetafuta unafuu, lakini mengi ya yale yanayotoka Japani ni ya baridi. Tafuta neno STUDLESS ubavuni, au picha ya mlima wenye nyota ya theluji ndani yake. Mpira wake ni laini, umekatwakatwa mistari midogo mingi ili ushike barafu. Theluji ya Rwenzori iko juu sana, mahali gari lisipofika. Bondeni mpira huo huisha upesi na gari hulegea kwenye kona.

Na umri. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya teksi huisha meno kabla ya kuzeeka. Ya vani ya kulala huzeeka meno yakiwa bado marefu, kwa sababu gari hukaa juani miezi. Mpira hukauka, nyufa nyembamba hutokea kwenye mikunjo ya ubavu. Baada ya miaka mitano yakaguliwe kila mwaka, ndani na nje, na ukifika mwaka wa kumi yatoke hata yakionekana mapya. Tairi la akiba nalo lihesabiwe. Mara nyingi ndilo lenye umri mkubwa kuliko yote.

Ile shida ya CP niliyoiahidi ni hii: likichanika hapa, hulipati. Kasese na Bwera maduka huuza saizi za magari yanayofanya kazi huku, yaani 195R15C ya Hiace na 7.50R16 ya Land Cruiser ngumu na malori madogo. Anayejenga vani mpya ya kutembelea Afrika Mashariki aanze na saizi hizo. Aliyekwisha kuja na saizi ya Ulaya abebe matairi mawili ya akiba, lakini akumbuke kuyaingiza kwenye hesabu ya ekseli ya nyuma, maana pamoja na ringi zake yanaweza kufika kilo 50.

Vani ikibaki Nyakalengija wakati mnapanda, iegesheni kivulini na mjaze upepo wa mzigo kamili kabla ya kuondoka, ili ubavu usikae umekunjwa mahali pamoja siku zote hizo. Mkirudi, pimeni kabla ya kuwasha injini. Lililopungua kuliko mengine lina mwiba au valvu inayovuja, na mafundi wako karibu, Mubuku.