Kabla ya Kumpa Mtoto Simu, Jaribu Mchezo Wewe Mwenyewe

Shule zikifungwa, simu ya mzazi huhamia mikononi mwa mtoto. Michezo mingi ya simu hujiita ya elimu, lakini muundo wake ndio huamua iwapo mtoto atajifunza au atabonyeza tu.

Mfano mzuri wa kulinganisha uko jirani, mkoani Tanga, Tanzania. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi, wakajifunza kusoma Kiswahili na hesabu kwa miezi 15, bila mwalimu. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindani wawili, Kitkit School na onebillion, walitoka sare na kugawana dola milioni 10.

Miundo yao haikufanana. Kitkit School iliundwa na watu waliotoka katika kazi ya kutengeneza michezo, na inampa mtoto uhuru wa kuchagua anachotaka kufanya. Onebillion humshika mkono zaidi: programu yenyewe hufuatilia anavyoendelea na kumwelekeza kwenye somo linalomfaa. Mtoto mdadisi atafurahia ya kwanza. Anayekata tamaa upesi huenda akafaidi ya pili.

Hata hivyo, zote mbili zilizungumza na mtoto kwa lugha anayoielewa, na zilifanya kazi vijijini ambako intaneti ilikuwa adimu. Asiyejua kusoma atafuata vipi maagizo yaliyoandikwa? Ajabu ni kwamba michezo mingi sokoni bado humwandikia.

Kwa hivyo mzazi, tenga dakika kumi. Zima data kwanza uone kama mchezo unafunguka, maana bando ni pesa. Kisha jibu vibaya makusudi, mara tatu mfululizo. Mchezo mzuri utakuonyesha ulipokosea au kukupa swali rahisi zaidi. Ukikupigia makofi na kukupeleka mbele, ufute. Ukiacha ubahatishe hadi upate, ni kasoro ile ile.

Tazama pia matangazo. Yakijitokeza katikati ya swali, mtoto atayabonyeza bila kujua, na baadhi humpeleka moja kwa moja kwenye ununuzi. Weka nambari ya siri kwenye malipo ya simu yako kabla hujamkabidhi.