Mtesaji naye apande kizimbani!

Wiki hii mapenzi na mitindo ya nywele tuviweke pembeni kidogo. Kuna ishu imewasha moto kijiweni kwetu hapa Kasulu, nami nimeona nikuletee: hivi ofisa wa serikali akimtesa mahabusu, ashitakiwe kama kibaka mwingine yeyote, au aambiwe tu "pole na kazi"?

Washikaji wengi wanasema aachwe. Eti alitumwa, eti alikuwa analinda nchi. Mmoja akatoa kali: "Kwani huyo anayeteswa ni malaika?" Jamani! Mahabusu ni mtu ambaye bado hajahukumiwa. Leo ni jambazi sugu, kesho ni wewe uliyefananishwa ukitoka zako disko.

Tena si jambo geni hapa Bongo. Mwaka 1976 huko Mwanza na Shinyanga, vikongwe walikuwa wanauawa kwa tuhuma za uchawi. Ukapigwa msako wa nguvu. Watuhumiwa wakasombwa, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa dola. Januari 1977, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu ingawa si yeye aliyeshika kirungu. Alisifiwa sana kwa hilo, na mwaka 1985 akawa Rais.

Lakini kuna kipande cha pili ambacho watu hukisahau. Maofisa wa polisi na wa usalama walipandishwa kizimbani, wakahukumiwa vifungo, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1981. Nchi ilianguka? Wapi! Polisi waliacha kufanya kazi? Thubutu!

Sasa njoo huku kwetu. Novemba 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba wakimbizi wa Burundi wasiopungua 18 walikamatwa na vyombo vyetu vya dola, wengine wakafichwa na kuteswa Kibondo. Walisimulia kuning'inizwa darini kwa pingu, kupigwa shoti za umeme na kupakwa pilipili. Wanane wakarudishwa Burundi kwa nguvu.

Utasema hao ni Warundi, hayatuhusu. Weee! Katiba yetu inapiga marufuku kumtesa mtu, haisemi Mtanzania tu. Na sisi Waha tukisalimiana na Mrundi sokoni tunaelewana bila mkalimani. Kama ripoti ile ni ya uongo, mahakama ndiyo mahali pa kuwasafisha waliotajwa. Kama ni kweli, aliyetenda hastahili kuendelea kuvaa gwanda na kula mshahara wa kodi zetu.

Wengine wanasema serikali ilipe fidia, yaishe. Cheki Kenya. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru watu 21 walipwe kwa mateso ya Nyayo House. Safi, wanastahili. Ila fidia hutoka hazina, maana yake anayelipa ni mama muuza sukuma wiki. Mtesaji mwenyewe haguswi hata mfukoni!

Tena usiniambie wakubwa hawashikiki. Hissène Habré alikuwa Rais wa Chad hadi 1990. Mei 2016 mahakama maalumu ya Kiafrika pale Dakar ilimfunga maisha, na makosa ya utesaji yakiwemo. Ilichukua zaidi ya miaka 25, lakini waliookoka gerezani hawakuchoka kudai.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kujiuzulu ni uungwana, fidia ni pole, ila kesi ndiyo humfanya kijana aliyepewa kirungu leo ajiulize mara mbili kabla ya kukiinua. Akitumwa ajue kuwa aliyemtuma naye atasimama pale pale, bega kwa bega naye.

Wewe unasemaje? Tubishane, lakini bila kupigana. Tukutane wiki ijayo!