Kuchagua Kiti cha Dirishani

Msafiri aendaye Nairobi kutoka Dar es Salaam hutamani kuuona Mlima Kilimanjaro. Mchoro wa viti humsaidia, iwapo ajua kuusoma. Herufi A ni dirisha la kushoto kwa atazamaye mbele, na katika safari hiyo mlima kwa kawaida huwa kushoto. Safu za juu ya bawa ziepukwe, kwani bawa huficha ardhi.

Hata hivyo, mchoro huonyesha viti, si madirisha. Madirisha hufuata mbavu za ndege, zisizobadilika. Nafasi kati ya viti huamuliwa na shirika. Tena, katika Boeing 737-800, mabomba ya hewa hupita ukutani karibu na bawa, na hapo dirisha hukosekana. Basi, kabla ya kulipia kiti, uliza kama kina dirisha.